Peremende za Lavington

Nasimiyu alikuwa akipiga pasi, amefika kwenye kola ya shati la Kivuva, kijana wa tajiri wake, simu ilipolia mfukoni mwa aproni. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa ghala la mjini alikobeba mizigo Sammy, mwanawe.

"Mama Sammy, kijana wako ameshikwa. Alikuwa anacheka peke yake juu ya ngazi, akaanguka na katoni za vigae. Polisi wamempata na bangi."

Pasi akaizima. Bangi! Tangu Sammy amalize shule, hakuna jaketi lake ambalo mama hakulinusa. Vijana wa Dagoretti Corner waliokuja kumwita aliwafukuza mlangoni kama kuku. Na Sammy aliapa, mkono juu ya Biblia ya nyanya yake, kwamba hagusi.

"Ameniaibisha," alijisemea njia nzima. "Leo namkana."

Kituoni, afande Njuguna, mtu mnene aliyeshika kikombe cha chai, alimsukumia kitu juu ya kaunta. "Hii ndiyo ilikuwa mfukoni yake."

Kilikuwa kikopo cha bati chenye picha za maembe na mananasi. Nasimiyu akakigeuza mkononi. Alikijua.

Kule Lavington, nyumbani kwa tajiri wake, kila sherehe ikiisha, Mama Kivuva husema, "Vilivyobaki beba, Mama Sammy, usitupe." Keki, pilau, soda iliyofika nusu. Hivyo ndivyo watoto wa Nasimiyu walivyoonja vitamu vya dunia. Jumapili Kivuva alikaribishwa nyumbani kutoka Amerika, na wageni walipoondoka, Nasimiyu alikikuta kikopo hicho chini ya kochi, kimejaa peremende. Alikibeba pamoja na keki. Leo asubuhi mkate haukuwepo, akamtilia Sammy mfukoni: "Shika, utulize tumbo."

"Afande, hizo ni switi tu."

"Switi?" Njuguna akacheka. "Zimetiwa bangi, mama. Unakula moja, unaona hakuna kitu, unaongeza. Ikikufikia, ndio unaanza kuongea na ngazi."

Kwa hivyo hazikuwa na harufu ya kunuswa.

"Mathe!" Sauti ya Sammy ilitoka seli, nzito kama ya mlevi. "Nilikuwa na njaa, mathe. Wallahi sikujua!"

Nasimiyu akampigia Kivuva.

"Aah, auntie, kumbe ni wewe ulizibeba? Nimezitafuta kila mahali!" Kivuva alikuwa akicheka. "Kule Amerika zinauzwa dukani kama mkate, na risiti unapewa. Amekula ngapi? Akunywe maji alale, itaisha."

"Ako seli, baba. Njoo uwaambie ni zako."

Kicheko kikakatika. Simu ikachukuliwa na mama yake. "Mama Sammy, nyumba yangu usiitaje hapo. Umesikia? Nimekulisha miaka yote hii. Ukiitaja, kesho usije."

Simu ikakatwa. Ndani ya seli Sammy alikuwa akitapika, na mtu fulani alikuwa akimtukana kwa kumchafulia miguu.

Akarudi kwenye kaunta.

"Afande, Sammy hana makosa. Mimi ndiye nilimpa. Nilizitoa kwa tajiri wangu, Lavington. Ni za kijana wake."

Njuguna, aliyekuwa akiandika, akaweka kalamu chini. "Lavington wapi?"

Akamweleza.

"Mama, mimi nikigonga hiyo geti leo, kesho niko mpakani nachunga ngamia." Akanywa chai, akafikiri. "Lakini umesema ni wewe ulimpa?"

"Ni mimi."

"Basi kupeana ni mbaya kuliko kukula." Kalamu ikarudi mkononi. "Toa viatu na hiyo leso. Kijana analala, na wewe unalala. Kesho korti, wote wawili."

Nasimiyu aliinama akavua viatu. Kwenye benchi watu waliosubiri zamu walikuwa wakimtazama.

"Andika na hiyo nyumba," alisema.

"Hiyo siandiki."

Basi akaligeukia benchi. Akasema kwa sauti jina la Kivuva, na la mama yake, na barabara yao. Njuguna akamshika mkono na kumvuta kuelekea seli.

"Na geti ni rangi gani?" aliuliza mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Nyeusi," Nasimiyu alijibu, akisukumwa ndani. "Ya pili ukipita kanisa."