Mita Mpya ya Teisten

Gunnvor aliponunua boti ya uvuvi ya baba yake mkubwa, Edvin, kitu cha kwanza kukitazama kilikuwa mita ya saa za injini. Ilikuwa mpya, kioo kinang'aa katikati ya dashibodi iliyochujuka kwa chumvi, na ilisoma saa arobaini tu. Edvin alimweleza kwamba ile ya zamani iliingia maji ikafa, akaibadilisha kwa mikono yake. Wala asiwe na wasiwasi: ya zamani ilikuwa imefika saa elfu tatu na kidogo, basi ajumlishe hizo na za mpya, huo ndio umri wa injini. Kwa dizeli ya kazi, elfu tatu bado ni ujana.

Gunnvor akachukua rangi nyeupe akaandika elfu tatu pembeni mwa kioo, kama afanyavyo kila mwenye akili akibadilisha mita, ili hesabu isipotee. Hakumtilia shaka mzee. Kisiwani kwao, pwani ya Norwe, Edvin alijulikana kuwa mtu wa neno moja. Jumapili ndiye aliyepitisha kapu la sadaka kanisani.

Kabla ya hapo yeye na mumewe, Jostein, walikuwa wamefunga nusu ya vyombo vyao tayari kuhamia mji wa Bergen, ambako Jostein alikuwa ameahidiwa kazi ya kuunda meli. Boti ile, Teisten, ndiyo iliyowabakiza. Walivua chewa majira mawili ya baridi, na mambo yakawaendea vizuri. Gunnvor alikwenda na mita kama muumini na saa za sala: ikitimia, anamwaga oili, ikitimia tena, anabadilisha chujio. Ile kazi kubwa ya kuifungua injini na kutia bearingi mpya aliiona bado iko mbali sana.

Majira ya pili Jostein akaanza kusikia kitu. Alisema injini inagonga chini kabisa, tena inagonga zaidi ikipata moto, na akataka fundi aifungue kabla ya Februari, chewa wanapojaa. Gunnvor alicheka.

"We naye. Mtoto wa juzi huyu, unataka kumpasua tumbo?"

Jostein akarudi kwenye kazi yake. Mita ilikuwa upande wa mkewe.

Februari hiyo, asubuhi ya upepo wa kusini-magharibi, wakipita nje ya miamba iliyo kusini ya kisiwa, injini iligonga kwa nguvu mara kadhaa, ikanoki. Gunnvor alijaribu kuiwasha. Haikuzunguka hata kidogo. Nanga iliteleza juu ya jiwe tupu. Bahari ikawa inawasogeza mwambani polepole, bila haraka, kama mtu anayesukuma meza. Jostein alisimama omoni, mbele kabisa ya boti, na upondo, akiuzuia mwamba. Wimbi likamrusha nje, na boti ikarudi juu yake kabla hajapata pa kushika. Chombo cha uokoaji kilipofika, Gunnvor alikuwa amemshika kwapa, anapiga kelele zisizo na maneno.

Mguu ulikatwa chini ya goti.

Teisten ilivutwa hadi bandarini, na fundi Torleiv akaifungua injini. Alimwita Gunnvor aje aone mwenyewe. Bearingi za krenkishafti, ule mhimili mkuu wa injini, zilikuwa zimelika mpaka chuma cha chini, na silinda zimechimbika. Torleiv alifuta mikono, akasema kwamba injini hii imekimbia saa elfu kumi na zaidi, na aliyesema elfu tatu ama hajui kuhesabu, ama anajua sana.

Gunnvor alikwenda moja kwa moja kwa Edvin. Alimkuta jikoni anamenya viazi. Mzee hakukana. Aliweka kisu chini, akamwomba akae. Gunnvor hakukaa.

"Ningekwambia ukweli, benki isingekupa mkopo," Edvin alisema. "Na wewe ungeenda zako Bergen. Nilijua nitakuja kuitengeneza kabla haijakufa. Nikachelewa, mwanangu."

"Majira mawili, baba mkubwa. Ulikuwa unanipokea kamba gatini. Kila siku tunasalimiana."

Edvin alitazama viazi vyake.

Kutoka hapo akaenda kwa baba yake, Hallvard, mdogo wake Edvin. Alitaka mtu mmoja tu wa kukasirika pamoja naye. Alisimulia yote amesimama mlangoni, viatu vinachuruzika maji, na baba yake akasikiliza bila kuuliza swali. Hapo ndipo Gunnvor alipoanza kuogopa.

"Baba. Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemshikia tochi akibadilisha mita," Hallvard alisema. "Mama yako alikuwa amekufa mwaka ule. Nibaki na nani huku?"

Gunnvor alitoka nje. Alifunga mlango taratibu, kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa.

Watu wa bima walipomuuliza, aliwaambia yote, na jina la Edvin akalitaja, nao wakalifikisha polisi. Baada ya hapo jamaa zake walimpita dukani wamegeuza nyuso. Shangazi mmoja alimwambia waziwazi kwamba mzee wa umri ule hapelekwi polisi kwa sababu ya mita. Kuhusu mguu hakusema kitu.

Jostein naye hakuwachukia wazee. Uchungu wake aliuelekeza karibu zaidi. Alikaa dirishani na mguu wake wa bandia umeegemezwa kitini, na kila Gunnvor alipojaribu kuzungumza habari za Edvin, alirudia maneno yaleyale bila kupandisha sauti:

"Nilikwambia inagonga."

Na ni kweli, alikuwa amemwambia.

Kesi haikufika mbali, maana Edvin alikufa majira ya kuchipua, usingizini. Kanisa lilijaa. Inasemekana mchungaji alisifu uaminifu wake, na Hallvard akalia kama mtoto. Gunnvor hakwenda. Siku hizo alikuwa ameajiriwa kiwandani kupasua samaki wa boti za wengine. Kengele zilipolia, wenzake walivua glavu wakainamisha vichwa. Yeye alivuta chewa mwingine, akamtia kisu chini ya shavu, akaendelea na kazi.