Siri ya Zizi la Pudensiana

Lori la Fuso lilipoingia uani kwa Pudensiana, kuku walikimbilia migombani na ng'ombe Kahawa akaacha kucheua. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na majirani wa kijiji cha Kikwe walishajaa, barakoa kidevuni, kila mmoja akijifanya amefuata ndoo ya kunawia mikono.

Ludovick, dalali wa kampuni ya mikopo, aliruka chini na karatasi mkononi.

"Shikamoo mama. Nimefuata ng'ombe."

"Marahaba, baba. Nawa kwanza."

Watu wakaangua kicheko. Ludovick akanawa, maana mwaka ule wa korona hata mdai hakuikataa sabuni.

Pudensiana alikuwa mkata waridi katika shamba moja la maua Usa River. Ndege zilipoacha kubeba maua kwenda Ulaya, waliambiwa wakangoje nyumbani, wataitwa. Hawakuitwa. Mkopo aliokopa kuezekea nyumba ukabaki, riba ikitambaa kama mmea wa maboga msimu wa masika. Siku ya kukopa, afisa alichungulia zizini akauliza, "Ng'ombe huyu ni wako?" Majirani walikuwa wanasikia. Pudensiana akajibu, "Wangu," akabonyeza dole gumba kwenye karatasi, ng'ombe akawa dhamana.

Kumbe Kahawa hakuwa wake. Alikuwa wa Lemburis, Mwarusha wa upande wa pili wa Mlima Meru, rafiki wa marehemu mumewe, Eliamini. Lemburis alimleta afugwe: maziwa na mbolea ni za mfugaji, ndama wawili wa kwanza ni wa mwenye mali, wa tatu ni wa mfugaji. Na mambo hayo hayatangazwi. Mwenye mali anakwepa macho ya watu, mfugaji naye anapata heshima. Miaka sita Kikwe walimwita Mama Kahawa, na kanisani walimsogezea nafasi kwenye benchi la mbele. Leo atafumbuaje mdomo?

Alfajiri alimpigia Lemburis simu kwa kunong'ona, kama mfugaji anavyopaswa kumwarifu mwenye mali: "Shemeji, leo wanakuja kumchukua Kahawa." Simu ikakatika.

Vijana wa Ludovick walikuwa wameshampandisha Kahawa kwenye Fuso na kufunga turubai, mara pikipiki ikaingia kwa kishindo. Akashuka Namnyaki, msaidizi wa kisheria ambaye Pudensiana alipata namba yake redioni. Kwa sababu ya korona, walikuwa wameongea kwa simu tu.

"Simamisha gari!" Namnyaki alipaza sauti, barakoa ikipanda na kushuka. "Karatasi ziko wapi?"

"Hizi hapa. Na dole gumba lake hili, dada. Au tulete na mguu?"

Namnyaki akasoma, mabega yakamshuka. "Mama, umeandikwa ng'ombe ni wako. Hata kwenye simu nilikuuliza ukasema ni wako."

Pudensiana alimtazama jirani yake Agnela, ambaye kila Jumapili humsifu kwa maziwa. Akatazama turubai. Ndani Kahawa akalia mara moja.

"Nilidanganya!" Pudensiana akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. "Sina ng'ombe mimi! Sikuwahi kuwa na ng'ombe! Huyo ni wa kufugishwa!"

"Mungu wangu!" Agnela akashika kichwa. "Na benchi la mbele?"

"Na benchi la mbele!"

Namnyaki aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Basi haondoki mtu na huyo ng'ombe! Mali ya mwingine hailipi deni la mama!"

"Kila mdaiwa leo ana mwenye mali wake," Ludovick akacheka. "Dereva, washa!"

Pudensiana akaketi chini, mbele ya tairi. Agnela akamtazama, akasonya, kisha naye akaketi kando yake. "Sogea, mwongo wewe."

Hapo ndipo bodaboda ya pili ilipoingia, imebeba mzee aliyefunika pua na mdomo kwa shuka nyekundu.

"Shikamoo mzee," wakasema wote, hata Ludovick.

"Marahaba. Nimekuja kwa ng'ombe wangu."

"Thibitisha ni wako," Ludovick akasema. "Bila kufunua turubai."

Lemburis hakusita. "Sikio la kushoto lina mikato miwili kwa chini. La kulia lina tundu. Paja la kulia lina kovu la moto, refu kama kidole changu hiki."

Turubai likafunuliwa. Watu wakapanda juu ya magurudumu, wakahesabu kwa sauti. Mkato! Mkato! Tundu! Kovu! Wakapiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Ludovick alikunja karatasi. Namnyaki akamwambia deni halijafa, litalipwa kidogo kidogo kwa hela ya maziwa, na makubaliano yaandikwe ofisi ya kata. Ludovick akakubali huku akikuna shingo.

Kahawa aliposhuka, Lemburis alimpapasa tumbo, akatabasamu nyuma ya shuka.

"Shemeji, wawili wa kwanza nilishachukua?"

"Ulishachukua."

"Basi huyu wa tumboni ni wa tatu. Wako, kweli kweli."

Agnela akaanza kucheza. Pudensiana akajikuta naye anacheza, viatu vikabaki vumbini. Ludovick aliinama kidogo kutazama tumbo la Kahawa.

"Wewe!" Namnyaki akamwonyesha kidole. "Hata usimwangalie!"