Ngoma ya Kwapa la Kulia

Titus Wekesa alikosa mambo mengi. Hakuwa na shamba la miwa wala cheti cha shule, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakujulikana nje ya mtaa wa Amalemba, na hata brashi alijitengenezea kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Alichojaliwa ni mkono wa kuchora, na mkono huo ulimpa kiburi.

Phoebe, mwenye kinu cha kusaga mahindi, alimpa ukuta mzima achore kitu cha kuwazindua walevi. Titus alichora mpiga ngoma ya isukuti akipepesuka kutoka matangani, na binti aliyevaa sare ya shule akimshika shati asianguke. Mpiga ngoma hakumpa sura. Alitaka kila mlevi ajione, asitajwe mtu. Watu walisimama na madebe yao wakatazama, na vijana wawili wakaapa kuacha pombe. Titus akatembea mtaani kama bwana harusi.

Jumamosi akaja Osiako, mpiga ngoma. Aliutazama ukuta, akaketi juu ya gunia.

"Titus, umenichora vizuri."

"Huyo si wewe. Hana hata uso."

"Na ngoma je? Wenzangu wote hubeba kwapa la kushoto. Wa kulia mtaa huu ni nani?"

Titus akatazama. Ngoma ilikuwa kwapa la kulia. Alikuwa amemwona Osiako kwenye matanga mengi mno, na mkono ulimchora bila Titus mwenyewe kujua.

"Huyo mlevi niliachana naye Pasaka," Osiako alisema. "Siku hizi nikipiga ngoma napewa chai, wananicheka, nainywa hivyo hivyo. Wewe umemrudisha. Binti yangu Navalayo wanamwita mtoto wa ukutani. Amekimbilia kwa nyanya yake Lugari, na mtihani unakaribia. Ananiuliza, kama nimeacha, mbona bado niko pale?"

Masikio ya Titus yalimwaka moto. "Nitaufuta leo."

"Ukifuta watasema nimekuhonga. Mwandikie Navalayo barua wewe. Ahadi zangu alizisikia nikiwa na chupa mkononi."

Titus alimchora Osiako palepale kwenye karatasi: kikombe cha chai, ngoma kwapa la kulia, na safari hii uso, pamoja na makunyanzi yake. Kisha akajaribu barua. Alianza kwa kueleza nia yake njema, akaona anajisifu, akaichana. Ya pili aliandika hivi:

"Mwanangu, baba yako ameacha pombe. Mimi niliyechora ukuta sikumwuliza kwanza. Watu waliponisifu nilifurahi, sikufikiria nani analia. Mchoro huu ni wa leo. Ukirudi, simama nami ukutani uniambie nimchore vipi. Rudi ufanye mtihani. Aibu ni yangu, si yako."

Hakuona haya kuandika jina lake kamili. Alitia barua na mchoro ndani ya bahasha, akailamba kwa ulimi mkavu, akaifunga, akaibonyeza kwa kiganja chenye rangi, akaenda kumkabidhi karani wa magari ya Lugari.