Ubeti wa Pili

Bendi yetu haijawahi kupiga wimbo mara mbili kwa namna moja. Tunaanza na rumba, tunapotelea kwenye rege, tunaibukia kwenye roki, na watu wanalipa kiingilio waone tutatokea wapi. Sheria ni moja tu: mimi mpiga ngoma nikigonga ukingo wa ngoma mara nne, kila mtu anarudi kwenye wimbo, hata awe amefika wapi.

Jumapili ile mchana dada yangu, mwimbaji wetu, alikuwa na wimbo mpya wa beti mbili. Jioni alikuwa analazwa, kesho yake apasuliwe koo, na daktari alishamwambia bila kumung'unya maneno kwamba sauti huenda isirudi. Alimruhusu kuimba mara moja tu. Ubeti wa kwanza tuliujua. Wa pili hakuwahi kumwimbia mtu.

"Mdogo wangu," aliniambia nyuma ya jukwaa, "leo msinipeleke mbali. Nataka beti zote mbili zirekodiwe, basi."

Nikamwahidi.

Akaimba ubeti wa kwanza, ukumbi ukatulia tuli. Kisha mpiga gitaa, tunayemwita Msafiri, akachukua nafasi yake, ambayo tulikubaliana iwe ya dakika mbili. Watu wakamshangilia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Dakika ya tano nikagonga ukingo mara nne; hakugeuka. Nikagonga tena, kwa nguvu. Akafumba macho na kutokomea, mpiga besi akamfuata kama mkia. Dada alibaki mbele ya maiki, mikono kifuani, akingoja. Saa kumi na mbili kamili mwenye ukumbi akazima umeme, kama alivyokuwa ametuonya.

Nilimvaa Msafiri pale pale. "Nimekugongea au sikukugongea?"

"Ulinigongea mara mbili," akasema. "Halafu ukaacha. Nikajua umekubali."

"Nyani haoni kundule," nikamwambia, na wiki tatu sikumsemesha.

Dada alirudi kutoka hospitali na daftari badala ya sauti. Akaandika kwamba anataka tusikilize rekodi. Niliiweka pale sebuleni kwake, nikiwa tayari kumlaani Msafiri dakika kwa dakika. Nikasikia ninavyogonga mara ya kwanza. Nikasikia ya pili. Dakika ya tisa ngoma ikaacha ukingo, ikaanza kulifukuza gitaa, na mtu aliyekuwa karibu kabisa na maiki ya ngoma akapaza sauti: "Twende, Msafiri, twende. Usirudi."

Ilikuwa sauti yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Dada akaandika mstari mmoja, akanisogezea daftari. *Nilikusikia siku ile ile.*

Rekodi ikaisha. Ndipo nikamwomba, kwa sauti ndogo, aniandikie ule ubeti wa pili.

Akachukua daftari lake, akalifunga.