Kimea cha Balbina

Balbina akikasirika, nyumba nzima pale Mlabani hujua, na safari hii hata sufuria ilijua. Binti yake Edna, anayefanya kazi kwenye maabara ya mbu, alikuwa amesema mezani kwamba kimeng'enya kinachomsaidia mbu kuivunja dawa ya chandarua kina ndugu yake ndani ya ini la binadamu, na vyote vimetokana na kimoja cha zamani sana.

"Sikukuzaa ili unitafutie undugu na mbu," Balbina akasema. "Jumapili mtoto wa kaka yako Kelestini atapata mama mwingine wa ubatizo. Simpi mtu anayemkana Mungu."

Heshima hiyo Edna alikuwa ameisubiri tangu wifi yake apate mimba, na sasa inampita hivihivi.

Kwa hasira zilezile Balbina akaenda kupika togwa ya sherehe. Badala ya kuacha uji upoe ubaki vuguvugu, akaumwagia kimea cha ulezi ukiwa bado unatokota. Yeye, aliyewafundisha togwa nusu ya wanawake wa jumuiya! Kesho yake asubuhi uji ulikuwa mzito vilevile, na utamu hakuna.

Edna akaingia jikoni. "Shikamoo mama." Akachungulia sufuria, akajikaza asicheke. "Moto umekiua kimeng'enya cha kimea, kile kinachougeuza wanga kuwa sukari. Kimea kingine kipo?"

Kilikuwepo. Akapika uji upya, na ulipokuwa unapoa, kabla ya kutia kimea, akamchotea mama yake kijiko. "Usimeze. Ushikilie mdomoni."

Balbina akaushikilia huku amenuna. Taratibu uji ukalegea, ukaanza kuwa mtamu.

"Kimeng'enya kilichomo kwenye mate yako na kilichomo kwenye kimea ni ndugu," Edna akasema. "Vimerithishwa vikibadilika kidogo kidogo, tangu enzi na enzi. Mabadiliko nayaona kazini. Aliyeyaanzisha hakuna kipimo kinachoweza kumwonyesha wala kumkana, ndiyo maana kanisani bado naenda."

Balbina akameza. Alimpenda mno mtoto huyu, na kuogopa kumpoteza ndiko kulikomchemsha jana.

"Kwa hiyo mimi na ulezi ni ndugu?"

"Wa mbali, mama."

"Afadhali ulezi."

Jumapili, mlangoni mwa kanisa, mbu akatua kwenye paji la uso la mtoto. Balbina akamfukuza kwa ncha ya kitenge.

"Mwambie huyo ndugu yako asubiri tubatize kwanza," akasema, akamweka mtoto mikononi mwa Edna.