Chumvi Juu ya Kichanja cha Kahawa

Ketrina, au Mama Irene kama wengi walivyomwita, alikuwa na siku tano za kuamua. Ijumaa mwalimu Lwitiko angepeleka majina ya watakaofanya mtihani wa Kemia, na ambaye hangekuwemo angesubiri mwaka mwingine mzima. Bila Kemia, hakuna chuo cha uuguzi. Kwa miaka tisa alikuwa mhudumu katika zahanati ya kijiji, akifua mashuka na kuchemsha vifaa, na kila mwaka ulivyopita alizidi kutamani kuwa yule anayemsikiliza mgonjwa na kumpa dawa. Lakini hakutaka kuandikisha somo asilolielewa. Kukariri alikuwa amekariri. Kuelewa ndiko kulikogoma.

Jumatatu alasiri, katika darasa la watu wazima pale Vwawa, mwalimu alichora miduara miwili ubaoni.

"Hii ni sodiamu," alisema. "Ina elektroni moja ya ziada inayoisumbua. Hii ni klorini, imepungukiwa moja. Sodiamu inatoa, klorini inapokea. Moja inabaki na chaji chanya, nyingine hasi, zinavutana. Chumvi ndiyo hiyo."

Ketrina akanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Hawa wawili wameshapatana. Huyu hana tena ziada, mwenzake hana tena upungufu. Sasa jozi hii inashikwa na nini kwenye jozi ya jirani, mpaka chumvi iwe ngumu kama jiwe?"

Mwalimu aliutazama mchoro wake kana kwamba umechorwa na mtu mwingine.

"Halafu nikiitia majini zikaachana," Ketrina akaendelea, "na maji yakikauka, kila mmoja anamjuaje mwenzake wa mwanzo?"

"Mama Irene anaidai chumvi cheti cha ndoa!" alisema Zabron, dereva wa bodaboda aliyependa kukaa nyuma. Darasa likacheka, na Ketrina mwenyewe akacheka nao.

Lwitiko hakucheka, wala hakukasirika. Alikuwa na miaka ishirini na minne, umri wa mdogo wake Ketrina wa mwisho, na kila alipomfundisha alimwita mama.

"Mama, nipe muda nikasome," alisema. "Na wewe katengeneze fuwele. Yeyusha chumvi kwenye maji ya moto mpaka ikatae kuyeyuka, chuja, mimina kwenye sahani, uache maji yaondoke yenyewe. Ukipata punje kubwa, niletee Alhamisi. Tutaiuliza yenyewe."

Ilikuwa Julai, kahawa imeshachumwa na kumenywa, na nyuma ya nyumba kichanja kilikuwa kimejaa kahawa inayokauka, nyeupe kama mbegu za maboga. Jioni ile ile Ketrina aliyeyusha chumvi ya mawe, akaichuja kwa kitambaa safi, akaimimina kwenye sahani tatu. Asubuhi, kabla ya kwenda zahanati, alizipanga mwishoni mwa kichanja, mahali palipopata jua na upepo.

"Mama," alimwambia mama mkwe wake, Restuta, "sahani zile ni za shule. Naomba uniangalizie, mbuzi wasije wakaramba."

"Nenda kazini, Mama Irene. Zitaangaliwa."

Restuta alikuwa bingwa wa kuangalia. Kahawa yake ilikaushwa kwa utaratibu asioubadili kwa mtu: kuigeuza mara kwa mara tangu jua linapochomoza, kuifunika kwa nailoni mchana linapokuwa kali, maana ikikauka kwa pupa ganda linapasuka, kisha kuifunua jua linapopoa. Wanunuzi walilijua jina lake kwa sababu hiyo.

Jumanne jioni maji yalikuwa yamepungua tu. Jumatano jioni Ketrina aliporudi, hakupitia hata jikoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichanja, akainama.

Sahani ya kwanza ilikuwa na unga mweupe, laini kama sembe ya mahindi. Ya pili vilevile. Akashika kiuno. Alhamisi ilikuwa kesho. Kama hata kukausha maji ya chumvi kumemshinda, alijiambia, jina lake afadhali likae nje ya orodha, amwachie nafasi mwenye kichwa cha mambo hayo.

Sahani ya tatu ilikuwa pembeni kabisa, imebaki na maji kidogo. Chini ya maji yale vilikaa vipande vya miraba, vina kingo zilizonyooka. Kikubwa kilifika nusu ya punje ya hindi.

"Mama," aliita taratibu, "hizi sahani zimekuwaje?"

Restuta alikuja akijifuta mikono, uso umejaa furaha.

"Zimekuwa nzuri, sivyo? Nimekugeuzia na chumvi yako. Kila nikigeuza kahawa, nachukua kijiko nageuza na hizi. Kahawa isipogeuzwa inaota ukungu, nikasema na hii itaota."

"Na hii ya tatu?"

Restuta akaangalia chini.

"Hiyo mkono haukufika. Mgongo huu, mwanangu. Kila mara nasema nitazunguka upande wa pili, nasahau. Uniwie radhi. Nimekuharibia moja."

Kicheko kikamshinda Ketrina. Alimshika mama mkwe wake mkono, akamvuta karibu na ile sahani.

"Mama, hiyo ndiyo iliyopona! Angalia pembe hizi. Nani kazichonga?"

Restuta akainama, akazifuata pembe kwa macho.

"Kwa hiyo kitu hiki hakitaki kugeuzwa?"

"Hakitaki hata kuguswa."

"Basi miaka yote hii ningelima chumvi, mgongo wangu ungekuwa mzima."

Walicheka mpaka mbuzi wakageuka kuwatazama. Kisha Ketrina akakichukua kipande kimoja kidogo, akakiweka juu ya ubao, akakigandamiza kwa wembe. Hakikusagika. Kilipasuka kwa mstari ulionyooka, na kila nusu ilikuwa na pembe zake. Akaikata nusu moja tena. Pembe zilikuwepo.

Alikaa pale kwenye kigoda huku jua likishuka, sahani zote tatu mbele yake. Chumvi moja, maji mamoja, jua moja. Kilichotofautiana ni kijiko tu. Kila kijiko kilipopita, aliwaza, wale sodiamu na klorini waliokuwa wanaanza kujipanga walitawanywa, wakaanza upya mahali pengine, ndiyo maana punje zikawa nyingi na ndogo. Huku pembeni hakuna aliyewatawanya. Aliyefika alimkuta mwenye chaji tofauti, akakaa ubavuni mwake. Haikuwa lazima awe mwenzake wa mwanzo. Na aliyekaa, upande wake mwingine ulikuwa bado unavuta.

Alhamisi alifika Vwawa mapema, fuwele imefungwa kwenye pamba. Lwitiko alikuwa tayari na daftari wazi.

"Mama, nimesoma. Mchoro wangu haukuwa wa uongo, lakini..."

"Ngoja, mwalimu. Niseme mimi kwanza. Nikikosea unirekebishe."

Akasema. Akaeleza kijiko, wembe, na kwamba hakuna jozi, kwa sababu kila sodiamu inaivuta klorini yoyote iliyo karibu nayo, pande zake zote.

"Pande ngapi?" aliuliza Lwitiko.

Ketrina akaigeuza fuwele kiganjani. "Kulia, kushoto. Mbele, nyuma. Juu na chini. Sita."

"Sita," alisema mwalimu, akamwonyesha daftari. Alikuwa ameandika hivyo hivyo, na kupigia mstari mara mbili.

Zabron, aliyeingia wakati huo akiwa bado na kofia ya pikipiki kichwani, akachungulia. "Kwa hiyo ndoa imevunjika?"

"Ndoa haikuwepo, Zabron. Ni mtaa mzima."

Lwitiko akatoa karatasi ya majina. Ilikuwa na majina manne. Aliisogeza mbele ya Ketrina pamoja na kalamu. Ketrina aliandika majina yake matatu polepole, kwa mwandiko ule ule aliouzoea kuandikia lebo za mashuka, akarudia kuyasoma, akamrudishia.

"Asante, mwalimu. Sasa kuna jambo moja. Sukari nayo ina vipande vyenye pembe, nimeangalia asubuhi. Nayo kuna anayetoa elektroni na anayepokea?"

Lwitiko, aliyekuwa ameshasimama kwenda kufuta ubao, akavuta kiti akaketi tena.