Saparbek Alipomtoa Farasi Wake

Saparbek, mdogo wa mume wangu, alipomleta farasi wake uani kwetu akasema tumchukue, mume wangu alifurahi. Mimi niliogopa. Farasi yule Saparbek alimlea tangu akiwa mchanga, wala hakuwahi kumwazima hata kaka yake.

"Utapanda nini kwenda malishoni?" nikamuuliza.

"Siendi kokote, shemeji."

Tangu mkewe ahamie mji mkuu, Bishkek, na binti yao, usingizi ulimkimbia. Kazi ya kutibu mifugo aliiacha. Watu walimfuata kwa ajili ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, wakamkuta amelala ameugeukia ukuta.

Mama mkwe wangu, mama yake, alimsimanga: "Mwanamke mmoja tu, umelowa kama shuka lililosahaulika mvuani. Baba yako angekuona!"

"Baba angenielewa," Saparbek akasema. Mama mkwe akaondoka na ndoo yake.

Nyumbani kwao husemwa baba yao alikufa kwa ugonjwa wa moyo. Kijiji kizima kinajua alijiua, Saparbek akiwa bado shuleni.

Kesho yake nikaenda kwake, nikapika chai, nikaketi.

"Saparbek, unataka kujiua?"

"Kila nikiamka. Nimechoka. Nyinyi nanyi mtapumua."

"Mimi sitapumua."

"Mtazoea. Baba si tulimzoea?"

Nikampigia mume wangu simu. Sikuondoka hadi alipokuja na gari, tukampeleka hospitali mjini Naryn.

Daktari, mama wa makamo, aliuliza taratibu: analala vipi, anakunywa kiasi gani, anaishi na nani, amewahi kujaribu kujiua. Kisha akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyekufa hivyo.

"Hakuna," mume wangu akasema.

"Baba yetu," akasema Saparbek.

Mume wangu alitoka, akasimama kwenye theluji bila kofia. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya siku ile.

Sasa Saparbek anaishi kwetu. Dawa anameza, ingawa anasema zinampa kiu tu. Mama mkwe hanisemeshi. Eti nimeipeleka aibu ya ukoo mjini. Daktari alituambia tusiache kumuuliza, kwa hiyo kila asubuhi namuuliza kama mawazo yale yapo.

"Bado yapo," hunijibu.

Siku nyingine huvaa viatu tukaenda kuteka maji. Siku nyingine hainuki kabisa, nami huvuta mkeka nikakaa mlangoni pake, nikimsikiliza anavyopumua.